Mtengeneza pombe aliyepima joto: maisha ya James Joule na simu zinazoacha kuchaji Nyangwe

Nyangwe, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba katika eneo la Kasongo, saa sita za mchana ni saa za kuchaji simu. Kama katika vijiji vingi vya kusini mwa jimbo la Maniema, wakaaji wengi wanategemea paneli za jua au jenereta. Mwenye simu analipa, anaiacha mezani kwa mchajishaji, kisha anaenda sokoni au shambani. Akirudi, wakati mwingine anaikuta simu ni moto mkononi, asilimia zimesimama palepale, na kioo kinaandika kwamba kuchaji kumesitishwa mpaka simu ipoe.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mteja anasema chaja ni mbovu na anadai pesa yake. Mchajishaji anasema simu ni ya bandia. Mmoja anaichomoa na kuichomeka tena mara tano, mwingine anataka kuifunika kitambaa chenye maji.

Mara nyingi hakuna kati yao aliyekosa. Ndani ya simu kuna kipimajoto kidogo sana kilichowekwa karibu na betri. Joto la betri likipita kiwango, ambacho kwa simu nyingi ni karibu digrii 45, simu yenyewe inapunguza umeme unaoingia au inaukata kabisa. Inafanya hivyo ili betri isiharibike, na isije ikawaka moto.

Sheria inayoeleza joto hilo ilipatikana mwaka 1840, miaka mingi kabla ya simu ya kwanza. Aliyeipata hakuwa profesa. Alikuwa kijana wa Uingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha pombe cha baba yake, na jina lake ni James Prescott Joule.

Mtoto dhaifu wa nyumba ya pombe

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 huko Salford, mji ulioungana na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Benjamin Joule, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Mama yake aliitwa Alice Prescott. James alikuwa mtoto wa pili wa kiume, mwenye afya dhaifu na tatizo la uti wa mgongo. Alikuwa na haya nyingi, na haya hizo hazikumwacha hata alipokuwa mzee.

Kwa sababu ya udhaifu huo hakupelekwa shuleni kama watoto wengine. Walimu walikuja nyumbani. Mwaka 1834, akiwa na miaka 15, baba yake alimpeleka pamoja na kaka yake kwa John Dalton, mwanasayansi mashuhuri wa Manchester, yule aliyewafundisha watu kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu. Dalton aliwafundisha hesabu na jiometri kwanza, kabla ya kugusa sayansi nyingine. Mwaka 1837 mzee huyo alipatwa na kiharusi na masomo yakakatika, lakini Joule alikuwa amekwisha kujifunza kwake jambo moja la maana: kupima kwanza, kusema baadaye.

Hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Mchana alifanya kazi kiwandani kwa baba yake. Muda uliobaki aliutumia katika chumba alichokigeuza kuwa maabara, akicheza na sumaku, waya na betri za wakati ule. Yeye na kaka yake walijipiga shoti za umeme wao kwa wao, na watumishi wa nyumba pia hawakusalimika.

Kazi ya pombe haikuwa kikwazo kwake. Anayetengeneza bia anaishi na kipimajoto mkononi: maji yakiwa moto kupita kiasi nafaka inaharibika, yakiwa baridi kupita kiasi kazi haiendi. Katika nyumba ya namna hiyo, tofauti ya digrii moja ilikuwa na bei yake katika pesa.

Mwaka 1840: waya ndani ya maji

Wakati huo viwanda vya Manchester viliendeshwa na mashine za mvuke zilizokula makaa ya mawe mchana na usiku. Vijana wengi wa Ulaya waliota kwamba mota ya umeme ingechukua nafasi yake. Joule naye aliota hivyo. Alianza kutengeneza mota akiwa na miaka 19, akitumaini kupunguza gharama za kiwanda cha familia.

Hesabu zake zilimvunja moyo. Betri za wakati ule zilikula madini ya zinki kama vile mashine ilivyokula makaa. Joule alipima, akakuta kwamba kilo moja ya zinki ndani ya betri ilitoa kama sehemu moja ya tano tu ya kazi iliyotolewa na kilo moja ya makaa katika mashine bora za mvuke. Na zinki ilikuwa ghali zaidi. Mtu mwingine angeyaacha yote hapo. Joule aliuliza swali lingine: ule umeme unaopotea unaenda wapi?

Alichukua waya, akaukunja, akautumbukiza ndani ya chombo cha maji, akapitisha umeme, kisha akatazama kipimajoto. Maji yalipata joto. Alibadilisha ukubwa wa mkondo wa umeme akapima tena. Alibadilisha waya, mnene kwa mwembamba, mrefu kwa mfupi, akapima tena.

Majibu yalikuja yale yale kila mara. Joto linalozaliwa ndani ya waya linategemea mambo mawili. La kwanza ni ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme usipite kwa urahisi. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa kuliko waya mnene, kama vile njia ya msituni inavyowachelewesha watu kuliko barabara kubwa. La pili ni mkondo wenyewe, na hapa ndipo penye siri: ukiongeza mkondo mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Ukiongeza mkondo mara tatu, joto linakuwa mara tisa.

Mwezi wa Desemba 1840, siku chache kabla ya kutimiza miaka 22, habari hiyo ilisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Wanasayansi cha London. Wakubwa hao walichapisha muhtasari mfupi tu. Maelezo kamili yalitoka mwaka uliofuata katika jarida lingine. Leo kanuni hiyo inaitwa sheria ya Joule, na kila fundi wa umeme anaitumia, iwe anaijua kwa jina au hapana.

Ndiyo inayofanya kazi ndani ya simu. Betri ina ukinzani wake, waya wa chaja una wake, na vipande vidogo vya ndani vinavyopokea umeme vina wake. Chaja ya haraka inapoongeza mkondo mara mbili, sehemu hizo zinatoa joto mara nne. Hakuna kiwanda kinachoweza kuifuta sheria hiyo. Mafundi wanachoweza ni kupunguza ukinzani na kuweka mlinzi anayekata umeme kabla ya hatari.

Makasia, mawe ya risasi na nusu digrii

Baada ya waya, Joule alikwenda mbali zaidi. Wanasayansi wengi wa wakati ule waliamini kwamba joto ni kitu, aina ya maji yasiyoonekana yanayohama kutoka mwili mmoja hadi mwingine na ambayo hayawezi kuumbwa wala kuangamizwa. Joule alianza kuona vingine. Mwaka 1843 alizungusha sumaku na waya kwa nguvu za uzito unaoshuka, akapata umeme, na umeme ukaleta joto. Joto hilo halikuhama kutoka popote. Lilizaliwa na kazi ya mikono.

Mwezi wa Agosti mwaka huo alilieleza jambo hilo mjini Cork, Ireland, katika mkutano wa Shirika la Uingereza la Kuendeleza Sayansi. Ukumbi ulikaa kimya. Mwaka 1844 Chama cha Kifalme kilikataa kuchapisha kazi yake nyingine kuhusu joto na hewa inayobanwa. Kwao alikuwa mtu wa pombe kutoka mji wa viwanda, anayedai kusoma sehemu moja ya mia mbili ya digrii ya Fahrenheit. Wengi hawakuamini kwamba kipimo kama hicho kinawezekana. Lakini Manchester kulikuwa na fundi hodari wa vifaa, John Benjamin Dancer, aliyemtengenezea Joule vipimajoto vya hali ya juu kabisa kwa wakati ule.

Jaribio lake mashuhuri lilianza mwaka 1845 na likaboreshwa hadi mwaka 1849. Ndani ya chombo cha maji kilichofunikwa aliweka makasia madogo ya shaba. Makasia hayo yalizungushwa na mawe mawili ya risasi, kila moja na uzito wa kama kilo 13, yaliyoshuka polepole kwa kamba kiasi cha mita moja na nusu na zaidi kidogo. Mawe yakifika chini yanapandishwa, yanashuka tena. Mara 20 kwa kila jaribio. Mwishoni maji yalikuwa yamepanda kama nusu digrii ya Fahrenheit, kitu ambacho kidole hakiwezi kukihisi.

Kwa sababu kipimo kilikuwa kidogo hivyo, joto la mwili wa Joule mwenyewe lingeweza kukiharibu. Aliweka ubao mkubwa kati yake na chombo, ili joto lake lisifike kwenye maji.

Jibu alilopata, likiandikwa kwa vipimo vya leo, ni hili: kupasha kilo moja ya maji digrii moja ya Celsius kunahitaji kazi sawa na kuinua karibu kilo 424 hadi urefu wa mita moja. Kipimo cha Joule kilikosea kwa chini ya sehemu moja ya mia.

Anayeteka maji Lualaba anaweza kulielewa jambo hilo bila kitabu. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Kuipandisha kutoka mtoni mpaka mahali palipo juu zaidi kwa mita 21 ni kazi kubwa kwa shingo na miguu. Kazi hiyo yote, ikigeuzwa kuwa joto, inapasha lita moja ya maji digrii moja tu. Ndiyo sababu watu hawakuona uhusiano huo kwa maelfu ya miaka: kazi nyingi inazaa joto kidogo, na joto kidogo halionekani bila kipimajoto kizuri.

Oxford na rafiki mmoja

Mwezi wa Aprili 1847 Joule alieleza mawazo yake katika chumba cha kusomea cha kanisa la St Ann mjini Manchester. Hotuba hiyo haikutoka katika jarida la sayansi. Ilitoka katika gazeti la mji, Manchester Courier, ambako kaka yake aliandika habari za muziki. Wasomaji wa kwanza wa mojawapo ya mawazo makubwa ya karne ile walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta habari za soko na za siasa.

Mwezi wa Juni mwaka huo alikwenda Oxford, kwenye mkutano wa shirika lile lile lililomnyamazia Cork. Mwenyekiti alimwomba afupishe maneno. Habari hiyo ingepita tena bila kelele, lakini ukumbini alikuwapo kijana William Thomson, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 23 na tayari ni profesa huko Glasgow. Baadaye dunia ingemjua kwa jina la Lord Kelvin. Thomson hakukubali yote palepale, lakini alisikiliza, akauliza, na akaondoka na mzigo kichwani.

Tarehe 18 Agosti 1847 Joule alimwoa Amelia Grimes, na wakaenda fungate katika milima ya Alps. Thomson alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alikutana nao huko njiani, na bwana harusi alikuwa amebeba kipimajoto kirefu. Alitaka kupima kama maji ya maporomoko yana joto zaidi chini kuliko juu, kwa kuwa kuanguka ni kazi, na kazi lazima igeuke joto. Povu la maji liliwazuia.

Urafiki wao ulizaa kazi nyingine kubwa. Kuanzia mwaka 1852 walifanya majaribio pamoja kwa miaka kumi, wakaonyesha kwamba gesi nyingi hupoa zinapopenyezwa kutoka mahali pa mgandamizo mkubwa kwenda mahali pa mgandamizo mdogo. Juu ya jambo hilo zilijengwa baadaye mashine za kugeuza hewa kuwa kimiminika. Mtu huyo huyo aliyeeleza kwa nini waya unapata moto, alisaidia kueleza namna ya kupooza.

Heshima na misiba

Mwaka 1850 Chama cha Kifalme kilimpokea Joule kuwa mwanachama. Mwaka 1852 kikampa medali. Lakini mwaka 1854 nyumba yake ilivunjika. Amelia alifariki, na mtoto wao wa tatu, aliyezaliwa mwaka huo, alifariki pia. Joule alibaki na watoto wawili wadogo, mvulana na msichana. Wakati huohuo familia iliuza kiwanda cha pombe. Hakuoa tena. Alijifungia katika kazi, akihama nyumba na mitambo yake, na mahali pamoja majirani walilalamika juu ya mashine yake ya mvuke.

Mwaka 1870 alipewa medali ya Copley, heshima ya juu kabisa ya Chama cha Kifalme. Mwaka uliofuata, mbali sana na Manchester, Mwingereza mwingine alikuwa Nyangwe. David Livingstone alifika hapo mwezi wa Machi 1871 akitafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba, akakuta soko kubwa lililowakusanya maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake wafanyabiashara wenye bunduki wakiua mamia ya watu katika soko hilo na ndani ya mto. Vipimajoto navyo vilifika Maniema wakati huo, kwa kuwa wasafiri kama Livingstone na Verney Lovett Cameron, aliyepita Nyangwe mwaka 1874, walivitumia kukisia kimo cha nchi kwa kuchemsha maji. Kwa watu wa Nyangwe wa miaka hiyo, elimu ya Manchester haikuwa na faida yoyote. Kilichowafikia kutoka mbali kilikuwa bunduki.

Joule mwenyewe alizeeka bila utajiri. Alikuwa amelipia majaribio yake kwa pesa ya familia maisha yake yote, na kufikia miaka ya 1870 pesa hiyo ilikuwa imepungua. Mwaka 1878 serikali ya Malkia Victoria ilimpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka huo huo, akiwa na karibu miaka 60, alirudia kipimo chake cha makasia kwa mara ya mwisho.

Mwishoni mwa Agosti 1889, mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris ulikubali kwamba kipimo cha nishati kiitwe joule. Wiki sita baadaye, tarehe 11 Oktoba 1889, James Joule alifariki nyumbani kwake Sale, karibu na Manchester. Alikuwa na miaka 70.

Kutoka Manchester hadi mezani pa mchajishaji

Joule moja ni nishati ndogo, karibu sawa na kuinua kitu cha gramu 100 kwa mita moja. Betri ya kawaida ya simu ya kisasa, ile iliyoandikwa 4,000 mAh, inabeba karibu joule 55,000. Hiyo ni sawa na kuinua bidoni ya lita 20 mita moja, mara 280. Nguvu yote hiyo imefungwa katika kitu kinachoingia mfukoni.

Betri hizo ni za lithiamu, na nyingi zina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba. Mto unaopita katika jimbo hilo ndio unaoteremka mpaka Nyangwe. Madini yanakwenda ng'ambo, kisha yanarudi yakiwa simu.

Simu yenye uzito wa gramu 200 inahitaji takriban joule 200 tu ili joto lake lipande digrii moja. Kwa hiyo hata kama sehemu ndogo ya umeme unaoingia inapotea kuwa joto, simu inapata moto haraka ikiwa joto hilo halina pa kutokea. Mfuko wa plastiki, kitambaa, godoro, au simu kumi zilizopangwa zikigusana, vyote vinafanya kazi kama blanketi.

Na jua ni kubwa kuliko chaja. Saa sita mchana jua kali linamwaga karibu joule 1,000 kila sekunde juu ya kila mita moja ya mraba. Uso wa simu peke yake unapokea kama joule 12 kila sekunde. Joto hilo linaweza kuzidi mara kadhaa lile linalotokana na kuchaji. Anayeilaza simu juu ya paneli yenyewe, au juu ya bati, anaipasha pande mbili kwa wakati mmoja. Hapo kipimajoto cha ndani kinakata umeme, hata kama chaja ni nzima na simu ni ya kweli.

Dawa yake inatokana na sheria ile ile. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini, mahali panapopita upepo. Waya wa kuunganisha uwe mzima na mnene wa kutosha, kwa sababu waya mwembamba au uliochakaa una ukinzani mkubwa: unapata moto wenyewe na umeme unafika simuni ukiwa umepungua. Kifuniko cha simu kivuliwe. Simu isichezeshwe video wala kupigiwa wakati inachaji, maana kazi ya ndani ya simu nayo inageuka joto, kama makasia yalivyopasha maji. Anayetaka kuchaji salama wakati wa joto kali anafaidika zaidi na chaja ya polepole: mkondo ukipungua kwa nusu, joto la ndani ya betri na waya linabaki robo tu.

Simu ikisitisha kuchaji, inatosha kuichomoa, kuizima na kuiacha kivulini ipoe. Kuitia ndani ya maji au ndani ya friji ni hasara nyingine: unyevu unaingia ndani na kuharibu vipande vyake. Kulala na simu inayochaji chini ya mto wa kitanda ni hatari zaidi, maana joto halitoki, na mlinzi wa ndani katika simu iliyotengenezwa ovyo au iliyobadilishwa betri anaweza kuwa hafanyi kazi. Betri iliyovimba haichajiwi tena hata mara moja. Na simu inayopata moto kivulini bila hata kuchajiwa, hiyo ndiyo ya kupelekwa kwa fundi.

Mchajishaji naye ana faida yake. Turubai la kivuli juu ya meza, nafasi ya vidole viwili kati ya simu na simu, na maelezo mafupi kwa mteja vinaweza kumwondolea magomvi mengi ya mchana. Mteja aliyelipa na kurudishiwa simu yenye asilimia 40 ana haki ya kujua kwamba hakuibiwa: simu yake ilijikinga.

James Joule alizikwa katika makaburi ya Brooklands, huko Sale. Juu ya kaburi lake iliandikwa namba 772.55, jibu la kipimo chake cha mwaka 1878 kwa vipimo vya Kiingereza vya wakati ule: idadi ya ratili zinazopaswa kuinuliwa futi moja ili ratili moja ya maji ipande digrii moja ya Fahrenheit.